Ua la Kivulini Kutoka Usambara

Katika milima ya Usambara ya Mashariki, mahali ambapo vijito hupita baina ya majabali na miti mirefu hulizuia jua la adhuhuri lisifike chini, huota mmea mdogo wenye majani mazito yaliyojaa malaika laini, na maua ya rangi ya urujuani yenye chavua ya manjano katikati; nao ndio asili ya vyungu vya maua vinavyopamba madirisha ya Ulaya na Marekani, ambako wengi wanaovitunza hawajui kwamba ua lao ni la Tanga.

Jina lake la kitaalamu la awali, Saintpaulia, latokana na Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa wilaya ya Tanga zama za Wajerumani, aliyempelekea baba yake mbegu, naye baba akazifikisha kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, ambaye mwaka 1893 aliubainishia ulimwengu mmea huo. Kabla yake, John Kirk, balozi wa Uingereza katika Unguja, na kasisi W. E. Taylor walikwisha peleka vielelezo kwenye bustani za mimea za Kew, Uingereza, mwaka 1884 na 1887, walakini havikutosha kuueleza. Hunifurahisha mno kukumbuka kwamba huyo Taylor ndiye aliyekusanya methali za Kiswahili, na Saint Paul naye alitunga kitabu cha kufundishia lugha yetu mwaka 1890.

Mwenye kuyajua maskani ya ua hili hatahitaji kukariri masharti mengi ya kulitunza. Huko kwao mizizi hushika katika nyufa za mawe, penye kuvumwani na tabaka jembamba la majani yaliyooza, na maji hutiririka yakapita bila kutuama. Basi nyumbani litakalo ni chungu kidogo, ambacho upana wake ni kama theluthi ya upana wa majani yake, na udongo mwepesi wa mboji ya majani uliochanganywa na mchanga wa mto na vipande vya makaa. Lisinyweshwe mpaka udongo wa juu ukauke, na lililo bora ni kukiweka chungu katika kisahani cha maji ya uvuguvugu kwa muda wa nusu saa, kisha yaliyobaki yakamwagwa, kwa sababu maji baridi huyatia majani mabaka, na maua haya hufa zaidi kwa kuoza shina kuliko kwa kiu.

Kivuli nacho si giza. Nuru ya msituni huchujwa na majani ya miti, lakini ni nuru. Likiwekwa pembeni mwa chumba cheusi, ua hili hurefusha vikonyo na kukataa kuchanua, ilhali jua kali huyaunguza majani yake. Mwenye bustani Lushoto au Amani aweza kulipanda nje, chini ya miti, katika nyufa za ukuta wa mawe, akiliinamisha kidogo ili mvua isituame kitovuni. Pwani, ambako joto hupita zile nyuzi 18 hadi 24 zipendwazo na aina nyingi, lafaa kukaa barazani pasipopigwa na jua la alasiri. Na atakayebahatika kupata miche iliyooteshwa kutokana na aina za mawe ya chokaa ya Tanga na Kilifi, atakuwa na mmea uliozoea hari tangu asili.

Kuling'oa msituni ni dhuluma, nami nalisema hilo kwa uchungu, kwani baadhi ya aina zake zimebaki katika majabali machache tu, na miti ikatwapo jua hulifikia jabali, na mmea hufa hata kama hapana mkono uliougusa. Wala haja ya kung'oa haipo. Jani moja kutoka kwa jirani, lililokatwa na kikonyo chake kiasi cha sentimita 3, huchomekwa kwa mshazari katika mchanga wenye unyevu na kufunikwa kwa mfuko wa plastiki unaopitisha nuru. Baada ya takriban mwezi hutoa mizizi, na miezi miwili au mitatu baadaye vimche kadhaa huchomoza kwenye tako la kikonyo, navyo vikishafikia theluthi ya kimo cha jani mama hutenganishwa kwa upole, kila kimoja kikapewa chungu chake.