Keki ya Nyumbani kwa Sherehe ya Mtoto: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuwakatia Watoto wa Wenzio

Wiki hii tuweke siasa kando tuingie jikoni, kwa sababu nimeulizwa swali ambalo naona lina manufaa kwa wengi.

Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, anaishi Asumbi kwa sababu ya kazi ya mumewe. Mwanawe anatimiza miaka sita na ameshawaalika wenziwe, watoto kama thelathini wa majirani. Keki ya kununua haina hakika kwake, hajui mpishi ametia nini. Ya kupika mwenyewe anaiweza, lakini ana hofu mbili. Keki ikidoda, mtoto ataaibika mbele ya wenziwe. Na mtoto wa mtu akiamka usiku tumbo linamsokota, nyumba itakayotajwa mtaani ni ile ya wale Waislamu waliotoka pwani. Hofu hiyo si ndogo kwa mtu anayekaa ugenini.

Kwa asiyepajua, Asumbi iko kaunti ya Homa Bay, kwenye barabara itokayo Rongo, upande wa Migori, kuelekea mji wa Homa Bay. Ni mahali palipokua kando ya misheni ya Kikatoliki, na wengi wanapajua kwa chuo chake cha ualimu na shule yake ya wasichana. Waislamu huko ni wachache, hivyo jirani wa dada yetu ni Mjaluo Mkristo, na mtoto wa jirani huyo ndiye rafiki wa mwanawe.

Kuhusu hukumu ya kusherehekea siku ya kuzaliwa, wanavyuoni wamekhitalifiana, na mimi si mufti. Mwenye shaka amuulize sheikh wake. Hapa nazungumzia chakula, kwa sababu ukishawaalika watoto wa watu, chakula unachowapa ni amana.

Kwa nini keki ya Mombasa hudoda Asumbi

Wapishi wengi wa pwani wakihamia bara hulalamika kuwa keki inapanda vizuri, halafu inazama katikati kama sahani. Husingizia unga au mayai, na mara nyingi sababu yenyewe ni hewa.

Mombasa iko usawa wa bahari. Ziwa Victoria lenyewe liko kiasi cha mita 1,134 juu ya bahari, na Asumbi iko juu zaidi ya ziwa. Kadiri unavyopanda, ndivyo hewa inavyopungua uzito. Gesi inayotolewa na bekingi pauda inakutana na hewa nyepesi, kwa hiyo inavimbisha keki haraka kabla unga haujashika. Ikishavimba kupita kiasi, inapasuka ndani na kuanguka. Maji nayo huchemka mapema, kiasi cha nyuzi 96 badala ya 100, na unyevu unakauka upesi.

Dawa yake ni rahisi. Punguza bekingi pauda kwa robo, punguza sukari kijiko kimoja kikubwa, ongeza maziwa vijiko viwili vikubwa, na moto wa mwanzo uwe mkali kidogo kuliko ulivyozoea.

Kipimo cha keki moja ya sufuria ya upana wa sentimita 24 ni hiki: unga wa ngano gramu 250, sukari gramu 150, majarini gramu 125, mayai matatu, maziwa nusu kikombe, na bekingi pauda vijiko viwili vya chai. Ukiwa Asumbi weka kimoja na nusu, na ufuate marekebisho niliyotaja. Kwa watoto thelathini utapika keki mbili. Usichanganye unga wote kwa pamoja ukauacha ukisubiri. Wa pili uchanganye keki ya kwanza inapokaribia kuiva.

Moto wa juu na wa chini

Wasio na oveni wasijione wanyonge. Mama zetu walipika mkate wa mayai na mkate wa kumimina kwa makaa juu na makaa chini, na keki ni ndugu yao.

Chukua sufuria kubwa nzito, mimina mchanga mkavu uliochekechwa kiasi cha vidole viwili, funika, upashe moto dakika kumi hadi kumi na tano. Keki iwe katika sufuria ndogo iliyopakwa mafuta na kunyunyizwa unga. Iweke juu ya mchanga, funika kwa kifuniko bapa, kisha palia makaa juu ya kifuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, maana chini mchanga umeshashika joto. Usifunue kabla ya dakika thelathini. Baada ya dakika arubaini hivi chomeka kijiti katikati. Kikitoka kikavu, imeiva. Kikitoka na uji, irudishe, hata kama juu imeshapiga rangi.

Na jiko la makaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, sembuse watoto wakiwa humo. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua.

Ni nini ndani ya keki

Hapa ndipo keki ya nyumbani inaposhinda: unajua kila kilichoingia. Vanila nyingi za maji hutengenezwa kwa kileo. Mapambo laini ya kutafuna na jeli huwa na jelatini, ambayo yaweza kutoka kwa nguruwe. Tazama alama ya halali kwenye pakiti, na pale usipoiona, acha. Iliki iliyopondwa na ganda la limau lililokwaruzwa vinatosha kuipa keki harufu, na watoto wa Asumbi watauliza ni nini hiki kitamu.

Mayai yaive sawasawa kwa sababu yanaweza kubeba vijidudu vya salmonela. Ile tabia ya watoto kugombania kulamba mwiko wa unga mbichi ikomeshwe siku hiyo. Unga mbichi wenyewe nao si salama, achilia mbali yai. Maziwa yanayonunuliwa kwa jirani mwenye ng'ombe yachemshwe kwanza.

Krimu ya maziwa iache. Kanuni ya usalama wa chakula ni kwamba kitu cha namna hiyo kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, saa moja tu. Sherehe ya watoto haijawahi kuanza kwa wakati. Paka aisingi ya sukari na majarini, au nyunyiza sukari laini juu basi. Keki kavu iliyopoa vizuri ndipo ikafunikwa hulala usiku mmoja bila tabu, kwa hiyo pika siku moja kabla.

Karanga

Homa Bay na Migori ni nchi ya njugu, na mtu atakushauri uzinyunyize juu ya keki. Ningesema usifanye, kwa sababu tatu.

Kwanza, kuna watoto ambao miili yao inazikataa karanga. Ni wachache, lakini akipatwa, midomo inavimba, pumzi inabana, na ni mbio za hospitali. Pili, mtoto wa chini ya miaka mitano anaweza kupaliwa na karanga nzima. Tatu, karanga zilizohifadhiwa na unyevu huota ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliingia kwenye mahindi kule Ukambani, watu 317 wakaugua na 125 wakafa. Kuzikaanga hakuiondoi yote. Ukizitia katika chakula chako mwenyewe, chagua zile safi zisizo na madoa. Katika keki ya watoto wa watu, ziache kabisa. Asali pia asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja.

Mshumaa na kulishana

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, walipima aisingi isiyopulizwa na ile iliyopulizwa mishumaa, wakakuta vijidudu vimeongezeka mara kumi na tano hivi. Kwa kawaida haileti ugonjwa, lakini mwenye sherehe akiwa na mafua, mgeni anaweza kurudi nayo nyumbani. Oka kijikeki kidogo kando katika kikombe cha bati, kiwe chake. Mwenye kutaka mshumaa auweke hapo, na asiyetaka mshumaa kabisa hajapungukiwa na kitu.

Ile desturi ya kulishana, kipande kimoja kikapita midomo kumi huku simu zikipiga picha, hiyo nayo iacheni. Kila mtoto anawe mikono kwa sabuni na maji yanayomiminwa, apewe kipande chake kwenye karatasi, ale kwa mkono wake.

Kukata ili kila mtoto apate

Watoto hawagombani kwa njaa, wanagombana kwa kipande kikubwa. Keki ya duara ukiikata pembetatu thelathini itavunjika yote. Fanya hivi: bonyeza bakuli lenye nusu ya upana wa keki katikati, ukate duara la ndani. Duara hilo ligawe vipande vinne, na pete ya nje vipande kumi na viwili. Vyote kumi na sita vitalingana, kwa sababu pete ya nje ni robo tatu ya keki. Keki mbili ni vipande 32. Cha ziada ni cha mtoto aliyekuja na mdogo wake bila kualikwa, maana atakuja tu.

Neno kwa majirani

Dada yetu, kabla ya siku hiyo pita kwa kila mama umwambie kilichomo: unga, mayai, maziwa, majarini, sukari, iliki. Muulize kama mwanawe ana kitu hali. Utakuwa umemlinda mtoto wake, na umejilinda na maneno. Pia ukimuuliza hivyo leo, kesho mwanao akialikwa kwake, hataona ajabu nawe ukiuliza kama keki ina jelatini au nyama imechinjwa na nani. Ulizo lako halitaonekana dharau, kwa sababu wewe ndiwe uliyetangulia kueleza chako.

Wazee wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Asumbi wewe ndiwe mgeni, na hao watoto thelathini ndio wenyeji. Washa jiko mapema, bismillahi, na umpe mtoto salamu zetu.