Udanganyifu watikisa soko la michezo ya kompyuta

KAMPUNI zinazotoa michezo ya kompyuta inayochezwa na watu wengi kwa pamoja kupitia intaneti zinalazimika kutumia fedha nyingi kupambana na wadanganyifu. Kinacholindwa ni imani ya mteja.

Michezo mingi ya aina hiyo, kama vile Valorant ya Riot Games ya Marekani, huchezwa bure. Mapato hutokana na mauzo ya mapambo ya silaha na wahusika. Mchezaji anayeshindwa kila siku na mtu anayetumia programu ya kulenga shabaha huhama, na huondoka na mfuko wake.

Wauzaji wa programu hizo nao wana soko lao. Machi 2021, polisi wa China wakisaidiwa na kampuni ya Tencent walivunja mtandao uliodaiwa kujipatia dola za Marekani milioni 76. Watu 10 walikamatwa.

Kufungia akaunti pekee hakutoshi, kwani katika mchezo wa bure aliyefungiwa hufungua nyingine bila gharama. Kutokana na hali hiyo, mwaka 2020 Riot ilileta Vanguard, programu ya ulinzi inayokaa ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta na kuanza kazi mara mashine inapowashwa. Wachezaji walilalamika kuwa mlinzi huyo amekabidhiwa funguo za nyumba nzima. Riot iliahidi kulipa hadi dola 100,000 kwa atakayegundua kasoro ya usalama, na ikawawezesha wateja kuizima wasipocheza.

Mahakamani, ushindi haimaanishi fedha mkononi. Mei 2024, mahakama ya California iliamuru Activision ilipwe dola milioni 14.4 na EngineOwning ya Ujerumani na wenzake, lakini hukumu hiyo ilitolewa bila wadaiwa kujitetea, na mdaiwa aliye ng'ambo si rahisi kumkamua.

Aidha, ukali una gharama zake. Oktoba 2024, Activision ilikiri kuwa mfumo wake wa Ricochet ulifungia wachezaji wachache wasio na hatia, ikawarejeshea akaunti zao.

Kwa mwekezaji mdogo, idadi ya akaunti zilizofungwa haielezi mengi. Muhimu ni kuangalia kama aliyeonewa ana mahali pa kukata rufaa na anajibiwa upesi. Duka linalomkaba mteja pamoja na mwizi hubaki na rafu zilizojaa bila wanunuzi.