Mafuta ya Karafuu na Kuhifadhi Chakula

Wengi wetu tunakijua kiwanda cha makonyo cha Wawi, Pemba. Vikonyo vya karafuu hupitishiwa mvuke, mvuke ukapozwa, na mafuta yakatuama chini ya maji kwa kuwa ni mazito zaidi (ajabu kidogo, tumezoea mafuta kuelea). Sehemu yake kubwa huitwa yujenoli. Hiyo hutoboa utando unaoizunguka bakteria, vya ndani vikavuja, nayo ikafa. Ukungu nao hudhoofika.

Lakini tusidanganyike. Katika maabara matone machache yatosha. Katika nyama yenye shahamu, shahamu huimeza yujenoli. Itahitajika nyingi, na chakula hakitalika kwa ukali. Wala samaki aliyekwisha haribika hatengenezwi na karafuu: harufu hufichika, sumu ikabaki. Karafuu tuitie kwenye pilau kwa ladha yake. Samaki tumuwahi kwa barafu au chumvi.

Na kichupa cha mafuta tukiweke mbali na wadogo zetu. Mtoto akiyanywa, hata kidogo, ini lake laweza kuharibika. Akimbizwe hospitali mara moja.