Oksijeni Moja, Tabia Mbili

Mwashi wa pwani anapomwagia maji chokaa iliyotoka tanurini, husogea nyuma kwanza. Chokaa hufoka, mvuke hupanda, na mabonge yaliyokuwa magumu hupasuka yakawa unga laini. Kwenye mashamba ya mikorosho ya Mtwara kuna unga mwingine, wa njano. Ni salfa, inayopulizwa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Salfa ikichomwa huwaka kwa mwali wa buluu na kutoa hewa inayokaba koo.

Chokaa ile na hewa hii zote ni oksidi, yaani elementi iliyoungana na oksijeni. Lakini maji ya chokaa hugeuza karatasi nyekundu ya litimasi kuwa buluu, na hewa ya salfa hugeuza ya buluu, ikiwa imeloweshwa, kuwa nyekundu. Moja ni besi, nyingine ni asidi.

Jambo hili lilimpoteza hata Mfaransa Antoine Lavoisier. Katika miaka ya 1770 alichoma salfa, fosforasi na kaboni, na kila mara akapata asidi. Akaipa oksijeni jina lenye maana ya kizaa asidi. Mwaka 1808 Mwingereza Humphry Davy alitumia umeme kutoa metali ya kalisi kwenye chokaa. Kumbe chokaa nayo ina oksijeni, na si asidi hata kidogo! Lavoisier alikuwa amechungulia upande mmoja tu wa jedwali la elementi.

Tufuate safu ya tatu ya jedwali, kutoka kushoto kwenda kulia. Oksidi ya sodiamu ni besi kali. Ya magnesi ni besi ya upole, ndiyo maana hutiwa kwenye dawa za kiungulia. Ya alumini ni ndumilakuwili: hukubaliana na asidi na besi pia. Utando mwembamba wa oksidi hiyo ndio unaoilinda sufuria ya alumini, lakini kwa undumilakuwili wake, sufuria huliwa na ukwaju kwa upande mmoja na magadi kwa upande mwingine. Ya silikoni, yaani mchanga mweupe, ni asidi dhaifu isiyoyeyuka majini. Baada ya hapo asidi huzidi makali: fosforasi, salfa, kisha klorini.

Siri iko kwenye elektroni. Metali za kushoto huzitoa kwa urahisi. Oksijeni iliyozipokea, ikiingia majini, huyanyang'anya maji haidrojeni, na hiyo ndiyo kazi ya besi. Elementi za kulia hazitoi, hushirikiana tu. Oksidi zao zikichanganyika na maji, haidrojeni hulegea na kuachiliwa, nayo ndiyo alama ya asidi. Ukishuka chini kwenye safu wima, umetali huongezeka na besi hupata nguvu, hivyo kalisi huishinda magnesi.

Asidi na besi hizi zikikutana huzaa kitu kipya. Mchanga ukiyeyushwa pamoja na magadi, kama yale yanayochimbwa Ziwa Magadi nchini Kenya, hutoa kioo. Chokaa iliyopakwa ukutani nayo hufyonza polepole kabonidayoksaidi, oksidi ya asidi iliyomo hewani, na kurudi kuwa jiwe. Kuta za matumbawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zimeshikana kwa njia hiyo.