Kanuni Isiyokoma: Sarufi ya Kijaluo na Kiswahili Mbele ya Kompyuta

Makala hii yakusudia kueleza kwa nini kanuni ya sarufi iliyo sahihi kwa mwanaisimu yaweza kuishinda kompyuta, hata programu ikajiita bila kikomo na kumaliza kumbukumbu yote. Mifano yetu ni ya Kijaluo, lugha yenye wasemaji wengi katika Homa Bay na Migori, ikilinganishwa na Kiswahili.

Tuchukue kirai *buk mar japuonj mar Dholuo*. Kina maana mbili, ambazo Kiswahili huzitenga kwa upatanisho: kitabu cha mwalimu *wa* Kijaluo, au kitabu cha mwalimu *cha* Kijaluo. Kijaluo hakina ngeli za namna hiyo. *Mar* hubadilika kwa idadi tu, ikawa *mag* katika wingi. Ndiyo maana *buge mag japuonj mar Dholuo* haina utata: Kijaluo hapo chamhusu mwalimu, si vitabu.

Maana ya pili yadai kirai kilichokwisha kukamilika kiongezewe kirai milikishi kingine. Mwanaisimu huandika hivi:

KN → KN + KM

yaani, kirai nomino ni kirai nomino pamoja na kirai milikishi. Kanuni hii ni sahihi. Lakini tuipe programu ichanganuayo kutoka juu kwenda chini. Ili ipate KN, hapana budi kwanza itafute KN. Ili ipate hiyo, itafute KN nyingine. Na bado haijasoma hata neno moja. Kila mwito hutunzwa katika kumbukumbu ukingojea jibu la mwito unaoufuata, nalo haliji. Lugha ya Python kwa kawaida hukatiza mfuatano huo ufikapo kiasi cha miito 1000. Pasipo na kizuizi, kumbukumbu hujaa na programu huanguka.

Isidhaniwe kwamba kujirudia kwenyewe ndiko kosa. Nasaba kama *Omondi wuod Otieno wuod Ouma* nayo hujirudia, ila kila hatua humeza jina moja, na majina yakiisha, kazi imekwisha. Tofauti ni mahali inapojirudia kanuni: mwanzoni au mwishoni.

Tiba ni mbili. Ya kwanza ni kuigeuza kanuni iwe N ikifuatwa na orodha ya KM. Programu itakoma, lakini KM zote zitaonekana sawa, na mpangilio wa kipi kimejengwa juu ya kipi utapotea. Ya pili ni kubadili njia ya kuchanganua: ile aliyoitangaza Jay Earley mwaka 1970 huzipokea kanuni za namna hii kama zilivyo.

Twaipendelea ya pili. Katika kisiwa cha Mfangano, Wasuba wengi wamekwisha kuhamia Kijaluo. Sarufi ya lugha iliyo katika hali hiyo huenda isiandikwe mara mbili. Basi chombo na kifuate lugha, isiwe lugha kupindwa ili ilingane na chombo.