Ndege wa jangwani anayefichwa na jamaa yake

KATIKA jangwa la Sonora, kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Mexico, huishi ndege wa rangi ya udongo ambaye hata waliobobea humtazama mara mbili kabla ya kumtaja. Ni ndege wa Bendire, ajulikanaye kisayansi kama Toxostoma bendirei.

Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemworodhesha miongoni mwa ndege walio hatarini, kwani idadi yake imekuwa ikididimia. Hata hivyo, anafanana mno na jamaa yake Toxostoma curvirostre, ambaye ni wa kawaida sana katika jangwa hilo hilo.

Utata huu ni wa tangu jadi. Mnamo 1872, Charles Bendire, afisa wa jeshi la Marekani, alimpata ndege huyo karibu na Tucson, Arizona. Mtaalamu Robert Ridgway alidhani kwamba ni jike la yule aliyezoeleka. Bendire alipinga, akisema mayai na mienendo yao ilitofautiana. Elliott Coues alimtangaza kuwa spishi mpya mwaka wa 1873.

Ishara ya kwanza ni mdomo. Wa Bendire ni mfupi na haukupinda sana, na shina la sehemu yake ya chini limepauka. Wa jamaa yake ni mrefu, mweusi na umepinda. Hata hivyo, makinda wa jamaa huyo huwa na midomo mifupi, hivyo mdomo pekee hautoshi.

Pili ni kifua. Madoa ya Bendire ni madogo, yenye ncha mithili ya mshale. Ya mwenzake ni ya mviringo na yamefifia kingoni. Lakini manyoya yanapochakaa, madoa hayo hupotea.

Tatu ni sauti. Bendire huimba mfululizo bila kituo, ilhali mwenzake hukatiza wimbo wake na hutoa mlio mkali wa mapigo mawili.

Makosa haya yana gharama. Jamaa yake akihesabiwa badala yake, ndege huyu huonekana kuwa wengi kuliko walivyo, huku miji na mashamba yakiendelea kumeza makao yake. Kwa sababu hiyo, mtazamaji anapaswa kuoanisha ishara zote tatu. Akibaki na shaka, aandike kwamba hakumtambua.