KOBE MZEE WA JANGWANI: UZEE AU MARADHI?

Mtu azuruye kisiwa cha Changuu, kilicho mkabala na Mji Mkongwe wa Zanzibar, hukutana na kobe wakubwa ambao asili yao ni zawadi iliyotoka Shelisheli mwaka 1919. Wageni hupenda kuuliza umri wa kila mmoja wao, na hustaajabu waambiwapo kwamba fulani amepita miaka mia. Ni wachache waulizao swali la pili, ambalo kwa mwanasayansi lina uzito zaidi: mnyama aishiye muda mrefu namna hiyo huzeekaje, na akiugua katika uzee wake atatambuliwaje? Swali hilo limewashughulisha sana madaktari wa wanyama wa kusini-magharibi mwa Marekani, kwa sababu huko yuko kobe mwingine, mdogo kuliko wa Changuu, ambaye amefugwa majumbani kwa vizazi kadhaa. Huyo ni kobe wa jangwa la Mojave, aitwaye kitaalamu Gopherus agassizii.

Kobe huyu huishi miaka 50 hadi 80. Katika nchi yake joto la uso wa ardhi hufika sentigredi 60 wakati wa kiangazi, naye hujiokoa kwa kuchimba shimo na kukaa humo sehemu kubwa mno ya maisha yake. Zamani wasafiri waliwaokota kobe hawa barabarani na kuwapeleka nyumbani wawe wanyama wa kuchezewa na watoto. Baadaye sheria zilikazwa, na mwaka 1990 Serikali ya Marekani ilimweka kobe wa Mojave katika orodha ya viumbe vilivyo hatarini. Lakini wale waliokwisha kuokotwa, pamoja na wazao wao, wamebaki nyuani mwa watu. Watoto waliocheza nao sasa ni wazee, na kobe nao ni wazee.

Hapo ndipo kosa moja hutokea mara kwa mara. Kobe aliyekuwa akila vizuri huanza kususa chakula. Hulala kutwa, huburura miguu ya nyuma, macho humwingia ndani. Mwenye nyumba husema, "Ni uzee, tumwache apumzike." Maneno hayo yana huruma, lakini kisayansi ni dhaifu. Mwaka 2022 ulichapishwa uchunguzi wa jamii 52 za kobe na kasa waliotunzwa katika bustani za wanyama, ukaonyesha kwamba takriban robo tatu ya jamii hizo huzeeka polepole sana au hazionyeshi dalili ya kuzeeka. Maana yake si kwamba kobe hafi. Maana yake ni kwamba, akitunzwa vema, hatari yake ya kufa haipandi mwaka hadi mwaka kama ipandavyo kwa binadamu. Kwa hiyo kobe mwenye umri wa miaka 60 anayekonda anastahili kutafutiwa maradhi kabla ya kusingiziwa umri. Na maradhi hayo, aghalabu, yalianza miaka mingi iliyopita.

Tuanze na kibofu cha mkojo, kwani humo ndimo ilimo siri ya maisha ya mnyama huyu. Sisi wanyonyeshao hutoa taka za naitrojeni mwilini kwa njia ya yurea, ambayo ni lazima iyeyushwe katika maji mengi. Kobe wa jangwani hawezi kuyamudu matumizi hayo. Yeye huzigeuza taka hizo kuwa asidi ya yuriki, ambayo haiyeyuki kwa urahisi na hutoka kama uji mweupe mfano wa chokaa. Maji yanayobaki kibofuni hayapotei: wakati wa ukame mwili huyarudisha kidogo kidogo kwenye damu. Hivyo kibofu chake ni birika, na birika lenyewe ni kubwa, kwa kuwa mzigo wake wa maji na taka waweza kuzidi asilimia 40 ya uzito wa mwili. Kwa akiba hiyo kobe wa porini aweza kukaa mwaka mzima au zaidi bila kunywa. Ndiyo sababu hatakiwi kunyanyuliwa kwa ghafla. Akishtuka hulimwaga birika lote, na kama ni msimu mkavu, mzaha wa mpita njia waweza kumuua.

Sasa tumfikirie kobe huyu uani, amepewa chakula chenye protini nyingi kuliko majani ya jangwani, na hana maji kwa sababu bwana wake amesikia kwamba "kobe wa jangwani hanywi". Asidi ya yuriki huongezeka, maji hupungua, na ule uji mweupe huganda. Chembe ndogo huvikwa tabaka baada ya tabaka mpaka likawa jiwe, ambalo laweza kufikia ukubwa wa chungwa. Kwa kuwa gamba halitanuki, jiwe hubana matumbo, mapafu na mishipa ya fahamu iendayo miguu ya nyuma. Yule kobe anayeburura miguu, ambaye tuliambiwa ni mzee, huenda amebeba jiwe kwa miaka kumi.

Picha ya eksirei hulionyesha jiwe waziwazi. Kulitoa ni kazi ya ufundi. Likiwa dogo, daktari huweza kupitia mwanya wa ngozi ulio mbele ya paja. Likiwa kubwa hulazimika kukata dirisha katika gamba la tumboni kwa msumeno mdogo, kulipasua kibofu, kutoa jiwe, kisha kukirudisha kipande cha gamba mahali pake na kukifunga kwa gundi maalumu. Gamba ni mfupa hai, nao hupona kwa mwendo wa kobe: huchukua mwaka au zaidi. Kinga yake, kwa upande mwingine, ni beseni. Kobe mgonjwa au mzee huwekwa katika maji ya uvuguvugu yasiyozidi kidevu chake, kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa juma. Atakunywa, na mara nyingi atajisaidia humo humo; basi mtunzaji asikasirike, bali autazame ule uji mweupe. Ukiwa laini, ni habari njema. Ukiwa na changarawe, amwite daktari.

Maradhi ya mifupa nayo huandikwa mapema. Zamani wafugaji wengi waliwalisha kobe saladi, matunda na hata chakula cha mbwa, na kuwafungia ndani nyuma ya kioo cha dirisha. Kioo hupitisha mwanga lakini huzuia miale ya ultravioleti ambayo ngozi huihitaji ili kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo kalsiamu ya chakula haifiki mfupani. Gamba la kobe wa namna hiyo hukua kwa vilima vilima au hulegea, na mdomo wake, ambao hauna meno, hurefuka na kupinda hata ashindwe kukata jani. Vilima havisawazishwi tena uzeeni. Mdomo, hata hivyo, huweza kupunguzwa na daktari kwa tupa, na kobe "aliyesusa" akaanza kula siku ile ile. Apewe nyasi, majani ya porini, maua, na mpungate uliotolewa miiba. Na juu ya yote apewe jua lenyewe, pamoja na kivuli cha kukimbilia.

Pua inayotoa mapovu ni jambo jingine. Viini viitwavyo Mycoplasma agassizii huishi katika njia za hewa za kobe, na mara nyingi hubaki humo maisha yote, vikijificha na kuibuka mnyama anapodhoofika. Kobe hana kiwambo kama chetu, wala hawezi kukohoa kwa nguvu. Makohozi yakiingia mapafuni hutuama. Dawa huzituliza dalili bila kuviangamiza viini vyote.

Katika kumtibu, joto ni nusu ya dawa. Damu ya kobe hufuata joto la mahali alipo. Akiwa baridi, kinga yake husinzia na dawa haisambai. Sindano nayo kwa desturi hupigwa mguu wa mbele, kwa kuwa damu ya miguu ya nyuma huweza kupitia kwenye figo kwanza, na figo za mzee hazifai kushtuliwa. Usingizi mrefu wa kipupwe, unaoanza Oktoba au Novemba hadi Machi au Aprili, si hatari kwa kobe mzee aliye mzima. Aliye mgonjwa asiruhusiwe kuulala, bali akeshwe mahali penye joto na mwanga hadi majira yabadilike. Na kwa kuwa uso wa kobe hausemi kitu, mizani ndiyo itakayosema: apimwe kila mwezi, tarehe na uzito viandikwe daftarini.

Daftari hilo lina kazi nyingine. Kobe huyu aweza kumzika bwana wake, na kumrudisha jangwani kumekatazwa na sheria, kwani atavipeleka viini vya pua yake kwa ndugu zake wa porini ambao tayari wamepungua. Huko California mfugaji hutakiwa pia kuwa na kibali. Kwa hiyo mfugaji mwenye umri mkubwa humchagua mrithi wa kobe wake angali na nguvu, akamkabidhi kibali, picha za eksirei, na daftari la uzito wa miaka yote.